Nikon D750 au Sony a6400: ipi ya shoo, ipi ya kushinda nayo mtaani

Kila wiki kuna kijana anayekuja dukani kupiga picha ya pasipoti, na akiiona kamera yangu imelala juu ya kaunta ananiuliza: "Dada, nina hela ya kamera moja tu, nataka kupiga shoo. Ninunue ipi?" Nikimuuliza ameshaulizia zipi, majibu siku hizi yanarudi kwenye mbili: Nikon D750 mtumba, au Sony a6400. Swali lenyewe ni zuri, maana kamera hizi hazifanani hata kidogo. Moja ni ya zamani, nzito, ya kioo (kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kuchungulia), yenye sensa kubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga. Nyingine ni changa, nyepesi, haina kioo, na sensa yake ni ndogo. Bei zake za mtumba hazipishani sana, na mara nyingi D750 ndiyo inayopatikana kwa bei ya chini.

Nimeishi na zote mbili. D750 ni yangu, niliinunua mtumba miaka mitatu iliyopita. a6400 ni ya binamu yangu, aliniachia miezi saba alipokwenda masomoni. Jumatatu hadi Jumamosi mchana niko Mwenge kwenye duka la vifaa vya ofisi, natoa kopi na kupiga pasipoti. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi niko mbele ya jukwaa lolote la Dar lenye bendi inayopiga laivu, na mwezi wa pili navuka kwenda Unguja kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yametoka kwenye mabega, macho na vidole vyangu. Namba nazo zipo, na afadhali zitangulie:

| | Nikon D750 | Sony a6400 |
|---|---|---|
| Mwaka wa kutoka | 2014 | 2019 |
| Sensa | mm 36 × 24, megapikseli 24.3 | mm 23.5 × 15.6, megapikseli 24.2 |
| Uzito pamoja na betri na kadi | gramu 840 | gramu 403 |
| Picha kwa sekunde | 6.5 | 11 |
| Pointi za fokasi | 51 | 425 |
| Betri moja, kwa kipimo cha kiwanda | picha 1,230 | picha 410 |
| Nafasi za kadi | 2 | 1 |

Giza kwanza

Jicho la mtu ni jepesi kuzoea giza. Unaingia ukumbini, dakika tano tu unamwona mwimbaji vizuri kabisa, hata jasho la paji la uso unaliona. Kamera haina mazoea hayo. Inachokiona ni giza lenye vidimbwi vya mwanga, na mwimbaji anaingia na kutoka humo kila sekunde.

Ndiyo maana kabla ya kubishana kuhusu bodi, yaani kamera bila lenzi, nakuomba uifikirie lenzi. Bodi nyingi zinauzwa na lenzi ile fupi ya kuvuta ambayo ukishavuta mpaka mwisho tundu lake linabaki f/5.6 (namba ya f ikipanda, tundu linapungua). Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo. Chukua mfano wa shoo ya singeli, ambako hakuna anayesimama wima kwa sekunde mbili. Kwa f/1.8 unaweza kupiga kwa shata ya 1/250 ya sekunde na ISO 3200 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga ilioupata), mchezaji akaganda hewani, kanga kiunoni imepepea, uso umetoka safi. Ukija na f/5.6 una njia mbili: upandishe ISO mpaka karibu 32,000 picha ijae chenga, yaani vinukta-vinukta, au ushushe shata mpaka 1/25 mchezaji ageuke moshi. Tofauti hiyo haizibwi na bodi yoyote katika hizi mbili. Nimewaona watu wamenunua bodi ya maana, hela ikaisha, wakapiga shoo miezi sita kwa lenzi iliyokuja kwenye boksi, mwisho wakaamini kwamba hawana kipaji.

Kwa hiyo nalinganisha seti nzima. D750 naiweka na Nikon 85mm f/1.8G. a6400 naiweka na Sigma 56mm f/1.4, ambayo kwenye sensa ile ndogo inaona upana uleule wa 84mm. Hapa ndipo hesabu inapokuja tofauti na maneno ya vijiweni. Sensa ya D750 ina eneo karibu mara 2.4 ya ile ya a6400, na watu husikia hivyo wakadhani mchezo umekwisha. Lakini f/1.4 nayo inaingiza mwanga mara 1.6 na kidogo kuliko f/1.8. Ukizipambanisha, D750 inabaki na faida ya kama mara 1.4 hivi, sawa na kupandisha ISO nusu ya hatua (hatua nzima ni mwanga mara mbili). Ipo, naiona nikifungua picha kwenye kompyuta, hasa kwenye ngozi nyeusi iliyoko kivulini, ambako chenga za a6400 zinaanza mapema na weusi unakuwa kama vumbi. Picha ya D750 ya ISO 6400 nimeichapisha kwa ukubwa wa A3 na msanii akaitundika sebuleni kwake. Ya a6400 kwa ISO hiyohiyo naitoa kwa Instagram bila wasiwasi, ila kuichapisha nafikiria mara mbili.

Ukija kwenye lenzi za kuvuta, D750 inazidi kupata faida. Lenzi ya 70-200 f/2.8 ndiyo ndoto ya kila mpiga picha wa shoo, na za Nikon za kioo zipo nyingi sokoni za mtumba kwa kuwa watu wanahamia kamera zisizo na kioo. Kwa Sony lenzi za aina hiyo ni mpya zaidi na bei yake inauma. Ukiona miaka mitano mbele utakuwa unapiga majukwaa makubwa, ukiwa umefungiwa nyuma ya uzio mita ishirini kutoka kwa msanii, hilo liweke akilini.

Fokasi

Pointi 51 za D750 zimekusanyika katikati ya fremu. Mwimbaji akiwa pembeni, nami napenda kumweka pembeni ili kinanda na moshi vipumue upande wa pili, inabidi nimshike kwa pointi ya kati kisha nizungushe kamera, na kwa f/1.8 nikisogea kidogo tu jicho limetoka kwenye fokasi. Sony ina pointi zilizotandazwa karibu fremu nzima na inatafuta jicho la mtu yenyewe. Wiki ya kwanza niliona kama uchawi. Dada anaimba, anageuka, anainama kumpa mkono shabiki, na kile kiboksi kidogo kinamfuata jichoni kote huko.

Uchawi una mpaka wake. Maiki ikifunika nusu ya uso, a6400 mara nyingi inaishika maiki na kumwacha mwenye maiki. Moshi ukiwa mzito inaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, na wewe unashuhudia wimbo ukipita. D750 imetengenezwa kushika fokasi kwenye giza zito kuliko linaloiwezesha a6400. Nikiweka pointi ya kati kwenye mstari wa kope au kwenye ukingo wa kofia, inashika. Ni kazi ya mkono zaidi, na mkono hujifunza.

Tofauti nyingine iko kwenye kitundu cha kuchungulia. Cha a6400 ni skrini ndogo inayokuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Taa zikilipuka nyeupe unaona hapohapo kwamba paji la uso limeungua, unashusha. Kwenye D750 unachungulia kwa kioo, unaona kama macho yako yanavyoona, matokeo unayajua baadaye. Kwa anayeanza, skrini ile inafundisha mwanga haraka kuliko mwalimu yeyote, na kwa hili Sony naipa alama zote.

Sauti ya shata, na mzee wa fidla

Hili hulisomi kwenye jedwali, na kwangu ndilo lililobadilisha jinsi ninavyofikiri kuhusu kamera hizi.

Unguja, jioni moja, nilialikwa kwenye mazoezi ya kikundi cha taarabu asilia. Hakuna spika kubwa wala taa za rangi. Chumba cha juu, madirisha wazi, udi, kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi), akodiani, fidla tatu, na dumbak, ile ngoma ndogo. Walianza na bashrafu, ile ala tupu kabla ya waimbaji, na mpiga kanuni akabaki peke yake kwa kitambo, akitafuta njia yake taratibu. Nikabonyeza. Kioo cha D750 kinaporuka na kurudi kinatoa mlio mkavu, na kwenye chumba kile ulikuwa kama mtu ameangusha sahani. Nikabonyeza tena mara tatu, nne. Mzee wa fidla alipoteremsha upinde wake akanigeukia, hakukasirika, akaniuliza: "Mwanangu, na hiyo ya kwako ni ala gani?" Nikamwambia, "Kumradhi sana, babu." Nikaiweka kamera mapajani, nikakaa kusikiliza mpaka mwisho. Niliondoka na picha nne, hakuna hata moja ya mpiga kanuni yule akiwa amefumba macho, na alifumba kwa muda mrefu.

Mwaka uliofuata nilirudi na a6400, shata ya kimya imewashwa. Hakuna aliyejua napiga saa ngapi. Nilimpata mtu wa akodiani akimtazama mwenzake wa fidla kwa tabasamu la nusu, wanasubiriana kuingia. Na kwenye shoo yenyewe siku mbili baadaye nilipata kitu ambacho kila anayependa taarabu anakijua: mama aliyeinuka kiti cha nyuma kwenda kumtunza mwimbaji. Alikuja akicheza taratibu, noti ameishika juu kwa vidole viwili, alipofika mbele akamwelekeza kidole mtu fulani ukumbini, maneno ya ubeti yale yalikuwa ya kwake, kisha akaitoa noti huku uso umeshageuka kuangalia kama ujumbe umefika. Ule mgeuko ni wa sekunde moja. Sony ilimshika jicho, kimya, na waliokuwa karibu hawakugeuka kunitazama mimi.

Ila sikiliza upande wa pili. Ijumaa iliyofuata nikiwa Dar nilikwenda na shata ileile ya kimya kwenye shoo yenye taa za LED, nikapiga picha mia mbili kwa furaha. Nyumbani nikakuta karibu zote zina mistari ya kulala, mmoja mweusi mmoja mwanga, kama pazia la mbao limepita usoni kwa msanii. Taa za LED zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na shata ya kimya inaisoma sensa mstari baada ya mstari, kwa hiyo kila mstari unakuta taa iko katika hali yake. Ukiharibikiwa hivyo ni vigumu programu kukurudishia uso ule. Shata ya kimya ni ya taarabu, ya kanisani, ya mazoezi ya ndani yenye taa za kawaida, na hata huko piga picha tatu za majaribio uzikuze kwanza. Kwenye jukwaa la LED washa shata ya kawaida. Kule spika zinanguruma, hakuna atakayekusikia, na hapo mlio wa D750 hauna kosa lolote.

Taa ya bluu

Kwa kuwa nimezitaja LED, niseme na hili, maana linawasumbua wote bila kujali kamera. Ndani ya sensa za kamera hizi mbili, nusu ya pikseli zinapokea kijani, robo nyekundu, robo bluu. Fundi taa akimwagia msanii bluu tupu, robo tu ya pikseli ndizo zinazofanya kazi ya maana, na hizo zinaweza kujaa mpaka zikaungua wakati kipimo cha kamera kinakwambia bado kuna giza. Uso unakuwa bapa, kama umekatwa kwenye karatasi ya rangi. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, na taa nyeupe ikipita, hata kwa nukta moja, iwe umeshajiandaa. D750 inakupa nafasi kubwa zaidi ya kuinua vivuli baadaye. Picha yangu moja ya mpiga ngoma pale Ngome Kongwe, Unguja, ilitoka nyeusi kabisa kwenye skrini, na nilipoiinua kwenye kompyuta ukuta wa mawe nyuma yake ukajitokeza wote, jiwe kwa jiwe, na chenga zilikuwa chache.

Jumatatu asubuhi

Sasa njoo huku ambako watu hawaangalii wakati wa kununua. Shoo ni saa tatu au nne kwa wiki, tena ukibahatika. Zilizobaki uko kwenye daladala, kazini, foleni ya benki, kwa mama lishe. Jicho linafunzwa huko.

D750 na 85mm yake ni karibu kilo moja na robo. Ndani ya begi la mgongoni si mzigo wa kuua mtu, lakini ukisimama kwenye daladala kutoka Mbagala umebanwa mlangoni, utajua. Kubwa zaidi ni kwamba ina sura ya kazi. Ukiitoa Kariakoo, mtu wa kwanza anauliza unatoka gazeti gani, wa pili anajifunika uso, wa tatu anataka kujua utamlipa shilingi ngapi, na mchuuzi uliyempenda alivyokuwa anapanga nyanya zake kwa mafungu ameshasimama wima kama yuko kituo cha polisi. Sisemi upige watu kwa kuwaibia. Mimi naomba ruhusa, na mara nyingi narudi siku ya pili na picha iliyochapishwa mkononi. Nasema kamera ndogo inaacha mazungumzo yaanze kabla ya hofu.

Ile miezi saba ya a6400 ndiyo niliyopiga kila siku bila kukosa. Ilikaa kwenye mkoba pamoja na chakula cha mchana. Nilipiga mikono ya makonda, mafundi cherehani wa barazani wakiwa wamelaliwa na mwanga wa saa kumi jioni, watoto wa jirani wakioga mvua ya vuli. Na nilipokwenda kwenye shoo siku ya Ijumaa nilikuta mkono wangu unajua wapi kitufe kilipo bila kuangalia, na jicho linasubiri mtu ageuke kabla hajageuka. Nikiwa na D750 peke yake, kamera ilikuwa inalala kabatini Jumapili mpaka Ijumaa, na wimbo wa kwanza wa kila shoo niliupoteza kwa kukumbuka nilipoishia. Wimbo mmoja si kidogo: kwenye shoo nyingi kubwa wapiga picha wanaruhusiwa mbele kwa nyimbo tatu za kwanza tu, bila fleshi, kisha wanatolewa.

Na mlangoni je? Kuna kumbi ambazo walinzi wakiona lenzi ndefu wanakurudisha ukaiache, hata kama una tiketi. Niliwahi kurudishwa hivyo na D750. a6400 yenye lenzi fupi imepita kila mlango niliokwenda nayo. Sera ya kamera uliza kabla hujakata tiketi, kwa simu, na jina la aliyekujibu liandike.

Umeme, betri na kadi

Hapa sikai sana. Betri moja ya D750 inanimalizia shoo nzima na kesho yake. a6400 inataka mbili, tatu ukipiga na video. Lakini Sony inachajiwa kwa waya wa USB kutoka pawabenki, na umeme ukikatika usiku mzima kama tunavyojua, pawabenki ndiyo inayokuokoa. D750 bila chaja yake ya ukutani haina njia.

Kadi: D750 inaandika picha kwenye kadi mbili kwa pamoja. Kama mtu amekulipa, hasa harusi au uzinduzi wa albamu, kadi ya pili ni usingizi wako. Kadi yangu iliwahi kufa usiku wa manane baada ya shoo, na picha zote zilikuwepo kwenye ya pili.

Anayeuliza kama simu haitoshi: kwa mchana na kwa mtaa inatosha, anza nayo leo. Kwa uso wa mwimbaji aliyeko mita saba, kwenye giza, akitembea, bado.

Ukinunua mtumba pwani

Lenzi yangu ya kwanza ya 85mm niliinunua kwa muuzaji mmoja aliyeifuta mbele yangu kwa kitambaa safi ikang'aa. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, nikawasha tochi ya simu kutafuta kifuniko chake, mwanga ukapita ndani ya lenzi kwa upande. Nikaona nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetanda kutoka ukingoni kwenda katikati kama utando wa buibui uliopata umande. Kuvu. Joto na unyevu wa pwani yetu ni chakula chake, na ikishaota ndani ya vioo inakula ile ngozi nyembamba ya juu ya kioo. Hata fundi akiisafisha alama hubaki. Picha za mchana zilitoka sawa. Usiku, taa ya jukwaa ilipoangalia lenzi, picha nzima ilifunikwa na ukungu mweupe.

Kwa hiyo ukienda kununua, iwe Nikon iwe Sony, fanya hivi. Fungua tundu lote, weka tochi ya simu nyuma ya lenzi kwa pembe, angalia kutoka mbele, kisha geuza. Usikubali "ni vumbi tu" kwa kitu chenye matawi. Funika lenzi, piga picha nyeusi ya sekunde kadhaa uone nukta za sensa zinazowaka bila sababu. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone uchafu wa sensa. Omba upige picha moja kwenye kadi yako, ukaisome nyumbani au kwenye simu: kwa Nikon na Sony, hesabu ya shata inakaa ndani ya faili la picha na zipo programu za kuionyesha. Shata ya D750 kiwanda kiliipima kwa mizunguko 150,000. Yenye 40,000 ina maisha marefu mbele. Yenye 140,000 ishushiwe bei au iache. Na kwa kuwa D750 ni ya 2014, karibu zote utakazokutana nazo zimeshafanya kazi za harusi. Tazama mpira wa mshikio, ukiwa umelegea na kunata ujue imepita mikono mingi yenye jasho.

Ukishanunua, usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vipakiti vya silika, ndiyo kabati yangu. Zikitumika kila siku zikapata hewa na mwanga, kuvu haipati nafasi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutopenda kamera inayolala wiki nzima.

Basi ununue ipi

Kama tayari kuna mtu anayekulipa kwa shoo, bendi, ukumbi, au kampuni inayotaka picha za mabango, nunua D750 na 85mm f/1.8, kisha weka akiba ya 70-200. Kadi mbili, betri ya usiku mzima, vivuli vinavyoinuka, fokasi ya giza: hivyo ni vitu vya mtu ambaye picha ikikosekana ana wa kumjibu. Vilevile kama moyo wako uko kwenye majukwaa makubwa ya nje ambako hakuna anayesikia shata.

Kama bado hakuna anayekulipa, nunua a6400. Uza lenzi iliyokuja nayo ikibidi, tafuta 56mm f/1.4, au anza na 30mm f/1.4 ya Sigma ambayo mchana utaipenda zaidi. Nawaambia hivi hata wale wanaonitazama kwa mshangao huku D750 yangu iko mezani. Kwa nusu ya hatua ya ISO utakayopoteza, utapata miezi ya kupiga kila siku, na kwa mtu anayeanza sijui kitu cha kubadilishana na hicho. Mpenzi wa taarabu naye achukue hiyohiyo, asifikirie mara mbili.

Binamu yangu alirudi mwezi wa sita na kuichukua kamera yake. Mimi nimebaki na D750, maana bendi mbili sasa zinanilipa, ila nimeinunulia 50mm f/1.8 ya gramu 185, na kila asubuhi naitoa kwenye ndoo na kuitia kwenye mkoba, nzito hivyohivyo. Na kwa mzee wa fidla ninakwenda tena mwezi wa pili. Binamu nimeshamwambia wiki hiyo kamera yake naihitaji.